Mwongozo kamili: Kutazama tamthilia na filamu za riwaya za kusisimua muda unaotaka kupitia king'amuzi, ukiwa Dodoma

Malalamiko yanayonifikia yana sura moja. Mtu amelipia kifurushi kikubwa. Mwenzake wa Dar amemwambia kwamba ile tamthilia ya jasusi iliyotokana na riwaya "ipo hapo hapo kwenye king'amuzi, unaifungua muda wowote". Anafika nyumbani Nkuhungu au Ilazo saa 2 usiku, anabonyeza rimoti, orodha tupu. Au anakuta sehemu ya 3 na ya 4 tu, ya kwanza haipo. Au anaipata, anaangalia dakika arobaini, kumbe ni filamu ya zamani yenye jina lile lile.

Mara nyingi kifurushi hakina kosa. Kosa lipo kwenye swichi ya ukutani, au kwenye dishi lililosukumwa na upepo, au kwenye jina aliloandika wakati wa kutafuta. Na maelekezo mengi yanayozunguka yameandikwa kwa mtu mwenye faiba sebuleni. Huku kwetu, ukitoka katikati ya mji kuelekea Nzuguni, Ihumwa au Msalato, wengi wanategemea dishi na bando la simu. Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni tofauti: kwetu dishi ndilo linalobeba mzigo mzito, intaneti ni msaidizi tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- King'amuzi chenye diski ya kuhifadhi vipindi ndani yake. Kwa DStv hii ni familia ya Explora. King'amuzi kidogo cha HD kisicho na diski hakitakufaa kwa hatua ya 3.
- Kifurushi kilicho hai, chenye chaneli inayorusha tamthilia unayoitaka.
- Dishi lililokazwa vizuri, na waya wa dishi usio na viungo vya kuunganisha kwa seloteipu.
- Stabilaiza au soketi yenye kinga. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, cha kwanza kuumia ni diski.
- Simu yenye bando kidogo, kwa ajili ya kutafuta majina na tarehe.
- Namba ya kadi ya king'amuzi, iliyoandikwa pembeni. Utaihitaji kulipia na ukipiga simu ya msaada.
- Karatasi na kalamu. Utaona kwa nini.

Kama nyumba yako imeunganishwa kebo ya mtaani, ule waya unaopita juu ya mapaa kutoka nyumba hadi nyumba, usihangaike na hatua zinazofuata. Waya ule kwa kawaida unaleta chaneli tu, hauna njia ya wewe kuagiza kipindi. Anayekwambia kwamba kuna namna, anataka hela.

Wenye Azam TV au StarTimes, huduma yenu ya kutazama muda wowote iko zaidi kwenye programu za simu, AzamTV Max na StarTimes ON. Nendeni moja kwa moja hatua ya 4 na ya 5.

## Hatua ya 1: Jua unaingilia mlango gani

Kuna milango mitatu, na watu wanaichanganya kila siku.

Mlango wa kwanza ni vipindi vilivyomo ndani ya kifurushi chako, ambavyo kampuni inakuwekea ili uvitazame baadaye. Kwenye DStv vinaitwa Catch Up. Hulipii kipindi kimoja kimoja. Sharti lake ni hili: vinafuata chaneli. Kama tamthilia inarushwa kwenye chaneli ambayo kifurushi chako hakina, na huku nako haitafunguka. Mwenye kifurushi kidogo cha Bomba asishangae kuona kitu cha mwenye kile kikubwa cha Premium kimefungwa.

Mlango wa pili ni kukodi filamu mojamoja, pale huduma hiyo inapopatikana. Unalipia filamu hiyo tu, na inajifunga baada ya muda, mara nyingi saa 48. Humu ndimo hupatikana filamu mpya ambazo bado hazijafika kwenye chaneli. Usikodi Ijumaa kama wikendi una harusi Kondoa.

Mlango wa tatu ni huduma za mtandaoni zinazojitegemea, kama Netflix na Prime Video. Baadhi ya ving'amuzi vipya vina programu zake ndani, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa: mtu anaona alama ya huduma hiyo kwenye king'amuzi chake na kudhani ameshailipia. Hapana. Ile ni akaunti nyingine na malipo mengine, kwa kawaida kwa kadi ya benki au kadi ya mtandaoni unayoitengeneza kwenye huduma ya pesa ya simu yako.

Kwa nini uanze hapa? Kwa sababu tamthilia nyingi za riwaya za kusisimua ni mali ya mlango mmoja tu. Mfano, *Reacher* iliyoanza mwaka 2022 ni ya Prime Video wenyewe. Unaweza kulipia kifurushi kikubwa kuliko vyote vya dishi na usiione kwenye Catch Up hata siku moja.

Chukua ile karatasi, andika jina la tamthilia na mbele yake andika namba ya mlango: 1, 2 au 3. Ukishaweza kujaza namba hiyo bila kubahatisha, hatua imekwisha.

Tahadhari moja. Wapo watakaokushauri utumie VPN ili king'amuzi au simu ionekane iko Marekani. Haki za kurusha zinauzwa nchi kwa nchi, huduma nyingi zinakataza mchezo huo, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilishatoa tangazo mwaka 2023 likiwataka watumiaji wa VPN wajiandikishe. Usitafute kesi kwa sababu ya tamthilia.

## Hatua ya 2: Hakikisha dishi linaona angani sawasawa

Unaweza kusema, "Chaneli zangu zinaonekana, dishi liko sawa." Si lazima. Chaneli ikikatika sekunde mbili unavumilia. Kipindi kinachoshushwa kwenda kwenye diski kikikatika-katika, kinaweza kuingia nusu au kisiingie kabisa, na hutaona ujumbe wowote wa kukueleza.

Dodoma ina jambo lake hapa. Setilaiti ya DStv kwa ukanda wetu iko nyuzi 36 mashariki, na Dodoma yenyewe iko karibu nyuzi 35.7 mashariki. Maana yake setilaiti iko karibu utosini kwetu, ikiegemea kaskazini kidogo tu. Ndiyo maana dishi la DStv hapa mjini limelala kuliko mengine na uso wake unatazama juu. Dishi linalotazama juu linapokea kila kitu: vumbi, majani, kinyesi cha ndege. La Azam linaelekea magharibi na limesimama zaidi, kwa sababu setilaiti yake iko nyuzi 7 mashariki. Fundi anayekufungia dishi la DStv huku akilielekeza lilivyo la Azam la jirani, mshushe kwenye ngazi.

Fungua menyu ya mipangilio kwenye king'amuzi, tafuta ukurasa wa mawimbi. Utaona mistari miwili: mmoja wa nguvu, mwingine wa ubora. Watu wanatazama ule wa nguvu peke yake. Wa kutazama ni wa ubora. Nguvu ikiwa kubwa na ubora ukiwa sifuri, maana yake LNB, kile kichwa cha dishi, kinapata umeme, lakini dishi limehama, halioni setilaiti. Bolti za nguzo zimelegea.

Kuanzia Juni mpaka Oktoba ule upepo wetu hausamehe. Kaza bolti kabla ya msimu huo, futa uso wa dishi kwa kitambaa chenye maji (usisugue kwa steelwire), angalia kama konekta ya waya imeota kutu, na funika kiungo chake kwa mpira wa baiskeli au tepu ya umeme. Mvua za Desemba hadi Aprili zina shida nyingine: wingu zito likipita picha inaganda, na hilo halina fundi. Linapita.

Acha ukurasa wa mawimbi wazi, mtume kijana atikise nguzo taratibu. Mstari wa ubora usipocheza, dishi limekazwa.

## Hatua ya 3: Acha king'amuzi macho usiku

Kama una muda wa kusoma hatua moja tu, soma hii.

Vipindi vya Catch Up kwenye king'amuzi chenye diski havisubiri ubonyeze ndipo vije. Kampuni inavirusha kutoka angani kwa saa inazozipanga yenyewe, dishi lako linavidaka, na king'amuzi kinavihifadhi ndani. Havili bando hata megabaiti moja. Ni mpango mzuri sana kwa mtu wa Chamwino au Bahi ambako intaneti ni ya kusuasua. Lakini una sharti: wakati vinarushwa, king'amuzi lazima kiwe na umeme.

Sasa tazama desturi ya nyumba nyingi. Saa 4 usiku taarifa imekwisha, watoto wamelala, mama au baba anapita akizima swichi za ukutani moja baada ya nyingine. LUKU iokolewe. Runinga, sabufa, king'amuzi, vyote tii. Asubuhi watu wanakwenda Mtumba kazini, king'amuzi bado kimezimwa. Kinawashwa saa 1 jioni na kuzimwa saa 4. Saa tatu kwa siku! Diski itajaa lini? Halafu Jumamosi mtu anafungua orodha na kusema kampuni imemwibia.

Hesabu ya umeme yenyewe haitishi. Chukulia king'amuzi kinakula wati 20, kwa usiku wa saa 8 ni uniti 0.16. Kwa mteja wa nyumbani anayepata uniti moja kwa karibu Sh 360, hiyo haifiki Sh 60 kwa usiku. Ukitaka uhakika, soma wati zilizoandikwa kwenye adapta yako na upige hesabu mwenyewe mbele ya anayezima swichi. Kuna mzee mmoja Kisasa ambaye hakukubali mpaka alipoandikiwa hesabu hiyo nyuma ya risiti ya LUKU. Akaisoma mara mbili, akasema, "Basi acheni hicho, lakini sabufa mzime."

Fanya hivi:

1. Pima kwanza kama king'amuzi kina diski. Weka chaneli ya taarifa ya habari, bonyeza kitufe cha kusimamisha. Picha ikisimama, na ukibonyeza tena ikaendelea pale ulipoiachia, diski ipo na inafanya kazi.
2. Usiku zima kwa rimoti tu, kibaki kwenye stendibai na taa yake iwake. Swichi ya ukutani usiiguse.
3. Kama kwenye mipangilio kuna kipengele cha kuokoa umeme kinachokilaza kabisa, kizime.
4. Kitenganishe na ekstensheni ya runinga. Kipe soketi yake ili anayezima runinga asikizime nacho. Wengine wanabandika karatasi kwenye soketi: USIZIME. Inasaidia kuliko maneno.
5. Toa kile kitambaa cha kufuma kilichofunika king'amuzi. Kinapendeza, najua, na huenda bibi ndiye aliyekifuma. Lakini diski inayozunguka usiku kucha inatoa joto, na matundu ya juu ndiyo pua zake. Kitambaa kihamie kwenye meza. Usikiweke king'amuzi juu ya sabufa pia, mtetemo unaua diski.

Usitegemee orodha kujaa usiku mmoja. Diski iliyokaa tupu inajaa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kwa mpangilio wa kampuni, si wa kwako. Umeme ukikatika usiku, kilichokuwa kinashuka wakati ule kinaweza kukosekana mpaka kirushwe tena.

Fungua orodha ya Catch Up Jumatatu jioni, hesabu vichwa vilivyopo. Rudi Alhamisi. Ikiwa orodha imebadilika, kuna vipya vimeingia na vya zamani vimetoka, king'amuzi chako kinakesha. Ikiwa iko vile vile, kuna mtu bado anazima swichi. Uliza kwa upole.

## Hatua ya 4: Intaneti, kwa kile tu kinachoihitaji

Mlango wa tatu wote, na sehemu ya mlango wa kwanza inayopita mtandaoni, vinahitaji intaneti. Kama una faiba nyumbani, ruka hatua hii. Kama unatumia hotspoti ya simu, piga hesabu kabla ya kubonyeza.

Vipimo vya Netflix wenyewe ni hivi: ubora wa chini unakula takriban GB 0.3 kwa saa, wa kati GB 0.7, na picha kali ya HD inaweza kufika GB 3 kwa saa. Tamthilia ya saa 6 kwa ubora wa kati ni GB 4.2. Hiyo hiyo kwa HD inafika GB 18. Mtu ananunua bando la wiki la GB 5, anaacha mipangilio ijichagulie, anamaliza bando sehemu ya 2 kabla hajamjua hata muuaji.

Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya matumizi ya data, chagua ubora wa kati. Kwenye runinga ya inchi 32 tofauti haikukoseshi usingizi. Kwa kasi, Mbps 3 zinatosha picha ya kawaida ya HD na Mbps 5 kwa HD kamili. Pima kasi saa ile ile utakayotazama. Saa 9 mchana mnara wa Makulu au Miyuji una nafasi, saa 3 usiku wanafunzi wote wa vyuo wako hewani.

Njia bora zaidi kwa wenye simu: shusha kipindi kwenye programu usiku wa manane kwa bando la usiku, tazama kesho bila mtandao. Kumbuka tu kwamba vilivyoshushwa navyo vina muda wake, na baadhi ya huduma zinazuia kurusha picha kutoka simu kwenda kwenye runinga. Jaribu kwa kipindi kimoja kifupi kabla hujashusha vinane.

## Hatua ya 5: Tafuta kwa jina sahihi

Aliyekulia kwenye riwaya za kijasusi za Kiswahili, kwa Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa, anajua kiu ya kuona riwaya ikitembea kwenye skrini. Kiu hiyo ndiyo inayomponza. Anaandika jina la kitabu, king'amuzi kinamjibu hakuna, anakata tamaa. Au kinamletea kitu kingine, anakitazama.

Majina yana mitego mitatu.

Jina la tamthilia si jina la kitabu. Msimu wa kwanza wa *Reacher* umetokana na riwaya ya Lee Child iitwayo *Killing Floor*, ya mwaka 1997. Ukiandika jina la riwaya hupati kitu. Zaidi ya hapo kuna filamu ya mwaka 2012, *Jack Reacher*, ya Tom Cruise, iliyotokana na riwaya nyingine kabisa ya mwandishi huyo huyo, *One Shot*. Mhusika mmoja, vitabu viwili, na waigizaji wanaopishana urefu vibaya sana. Kwenye kitabu Reacher ni pande la mtu; ukiona mtu anayeitwa Reacher akisimama mlangoni na mlango ukabaki na nafasi, utajua uko kwenye filamu.

Jina moja, matoleo mengi. *The Day of the Jackal* ni riwaya ya Frederick Forsyth ya mwaka 1971. Kuna filamu ya mwaka 1973. Kuna tamthilia ya sehemu 10 ya mwaka 2024, ambayo Eddie Redmayne ndiye muuaji wa kukodiwa. Katikati kuna filamu ya mwaka 1997 ya Bruce Willis iitwayo *The Jackal*, yenye wazo la mbali tu la kitabu. Ya 1973 inafuata kitabu kwa karibu, mlengwa ni Rais de Gaulle wa Ufaransa. Ya 2024 imehamishiwa zama zetu, mlengwa ni tajiri wa teknolojia. Zote halali, lakini ukikaa na familia kutazama moja ukidhani ni nyingine, jioni imeharibika.

Lugha ya asili. *The Girl with the Dragon Tattoo* ina filamu ya Kiswidi ya mwaka 2009 na ya Kimarekani ya 2011. Ukifungua ukasikia watu wanaongea usichokielewa, king'amuzi hakijaharibika.

Sasa utaratibu. Kabla ya kushika rimoti, chukua simu, tafuta jina la mwandishi na riwaya, kisha andika kwenye karatasi vitu vinne: jina la filamu au tamthilia, mwaka, mwigizaji mkuu, idadi ya sehemu. Kwenye king'amuzi andika neno moja tu la jina, lile lisilo la kawaida. Kwa mfano "jackal", si jina zima. Kuandika kwa rimoti ni kazi ya kuchosha na kosa la herufi moja linakurudisha mwanzo. Matokeo yakija, usibonyeze OK ya kuanza kutazama. Bonyeza maelezo, linganisha mwaka na mwigizaji na ulichoandika.

Ukitaka kujua toleo limekaa karibu kiasi gani na kitabu, soma maandishi ya mwanzo. "Based on the novel by" maana yake wamechukua hadithi ya kitabu chenyewe. Wakiandika "based on characters created by", wamechukua wahusika tu, hadithi wameitunga wao. Msomaji anayetazama aina hii ya pili huku akingoja tukio la sura ya mwisho ya kitabu atangoja sana.

Maoni yangu, ambayo si lazima uyafuate: ukipata nafasi ya kuchagua, chukua tamthilia kabla ya filamu. Riwaya ya kusisimua inaishi kwa kuchelewesha, na saa mbili za filamu hazitoshi kuchelewesha. Zinakimbilia milipuko.

Vitu vinne vya karatasi vikilingana na vinne vya skrini, umekipata chenyewe.

## Hatua ya 6: Fukuzana na tarehe ya mwisho

Kila kipindi cha Catch Up kina siku ya kuondoka. Imeandikwa kwenye maelezo na hakuna anayeisoma. Hii ndiyo sababu unakuta sehemu ya 3 na ya 4 bila ya kwanza: ya kwanza iliingia mapema, imeondoka mapema.

Tamthilia inayorushwa sehemu moja kwa wiki usiisubiri iishe ndipo uanze. Kuna njia mbili. Ya kwanza, itazame kila wiki. Ya pili, ambayo naipenda zaidi, irekodi wewe mwenyewe. Nenda kwenye ratiba ya chaneli, weka alama kwenye sehemu ya kwanza, bonyeza kitufe chenye herufi R, na ukiulizwa chagua mfululizo wote. Kilichorekodiwa na wewe kinakaa kwenye sehemu yako ya diski na hakiondoki kwa sababu tu muda wa Catch Up umepita. Ila kifurushi kikikatika hutaweza kukifungua, kwa hiyo lipa kabla ya tarehe.

Angalia pia nafasi. Diski ikijaa mechi za mwaka juzi, tamthilia yako haitapata pa kukaa. Kaa na kijana mwenye mechi hizo, mkubaliane zipi zifutwe. Usizifute kimya kimya.

## Hatua ya 7: Namba ya siri kwa ajili ya watoto

Riwaya za aina hii zina damu. Kwenye maelezo utaona namba ya umri na herufi: V ni ukatili, L ni lugha chafu, S ni ngono, N ni utupu. Kitu cha 16 VL si cha kuacha kwenye skrini saa 1 jioni mtoto wa darasa la tatu akiwa anakula. Ingia mipangilio ya wazazi, weka kikomo cha umri, badilisha namba ya siri ya kiwandani. Usitumie mwaka wa kuzaliwa wa mtoto mkubwa, ataijaribu ya kwanza.

## Hatua ya 8: Usiku wa kutazama

Hakikisha sehemu zote zipo kabla ya kuita watu. Fungua kila moja sekunde chache uone inaanza. Kisha washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Majasusi wa Uingereza wananong'ona, na mabati yetu mvua ikipiga husikii chochote.

Sehemu ya kwanza ndiyo inayowapoteza wengi: majina kumi ndani ya dakika ishirini, nusu yao ya uongo. Andika majina matano ya kwanza kwenye ile karatasi na mbele yake kazi ya kila mmoja. Shemeji akichelewa na kuuliza "huyu nani tena?", msogezee karatasi, usisimamishe picha.

## Ikikwama

Ujumbe wa E16. King'amuzi hakina ruhusa: kifurushi kimeisha, au chaneli haimo. Ukishalipa, kiache kimewashwa kwenye chaneli inayogoma, ruhusa inashuka kupitia dishi. Kukizima na kukiwasha kila dakika kunaichelewesha.

Ujumbe wa E48. Hakuna mawimbi. Rudi hatua ya 2, anza na konekta ya nyuma ya king'amuzi kabla ya kupanda juu ya bati.

Kipindi kinaonekana kwenye orodha lakini kinagoma kucheza. Mara nyingi kiliingia nusu. Kifute kama inaruhusu, acha king'amuzi macho, subiri kirushwe tena.

Kinasema kinahitaji intaneti. Hicho ni cha kupita mtandaoni, si cha diski. Hatua ya 4.

Kinajizima chenyewe usiku. Angalia joto, kitambaa, kisha adapta. Adapta ya mitaani isiyo na nguvu sawa na ya asili inafanya hivyo diski inapoanza kuzunguka.

Ukilazimika kupiga simu ya msaada, piga ukiwa mbele ya runinga, king'amuzi kimewashwa, namba ya kadi mkononi na mstari wa ubora wa mawimbi umeshausoma. Taja jina la kipindi, chaneli yake na kifurushi chako kwa mpigo mmoja, kabla hajakwambia uchomoe uhesabu mpaka kumi. Ukimwambia tu "Catch Up haifanyi kazi", utachomoa na kuhesabu mpaka kumi.